Miaka Tuliyomtafutia Nyambu Jina

Mama alipofariki, kazi ya kufungua sanduku lake la bati iliniangukia mimi, kwa kuwa hakuna mtoto mwingine ila Nyambu, na Nyambu hafungui vitu vya watu. Harufu ya dawa ya nondo ilinipiga usoni. Chini ya leso na vitambaa vya kufunikia viti nilikuta mfuko mdogo mweupe, na ndani yake mashine ya masikio: kijisanduku cha rangi ya maziwa kinachoenea kiganjani, nyaya zilizosokotana, na mkanda wa kufungia kifuani ambao Mama aliushona kwa mkono. Betri ilikuwa imevuja na kukauka kama chumvi. Niliketi nayo sakafuni mpaka chai niliyokuwa nimejimiminia ikapoa.

Ndugu yangu hajawahi kuwa kiziwi hata siku moja. Lakini kuna wakati aliivaa mashine ile, na watu wengi, wenye makoti meupe na wasio nayo, walituambia hiyo ndiyo dawa.

Ninyi wa rika langu, mliokunywa maziwa ya Nyayo kwenye pakiti za pembetatu, mnakumbuka jinsi siku zile mtoto alivyokuwa ama mzima ama mgonjwa, na kama si mzima wala mgonjwa basi alifichwa chumba cha ndani wageni wakija. Sisi hatukuwa na chumba cha ndani. Tuliishi Kaloleni pale Voi, nyumba ya mabati ya vyumba viwili, upande ambao upepo wa mchana ulileta vumbi jekundu hadi kwenye sufuria ya ugali. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge. Alirudi akinuka maji ya mkonge, ile harufu kali ya kitu kilichochacha ambayo hata sabuni ya kipande haikuiondoa. Mama alikuwa na meza ya mboga sokoni. Kabichi na karoti zake zilishuka kutoka Werugha, kwa Nyanya, zikiwa bado na ubaridi wa milimani, na mimi nilipenda kuziegemeza shavuni kabla hazijapashwa joto na jua la kwetu.

Nyambu alizaliwa nikiwa bado mdogo, lakini nakumbuka alikuwa mtoto wa kucheka. Alikuwa na maneno. Alisema "maji", alisema "taa", na jina langu alilikata nusu akaliita apendavyo. Halafu maneno yakaondoka, moja baada ya jingine, kama wageni wasioaga. Hatukuona siku yalipokwisha. Siku moja Mama alisimama na kikombe mkononi, akasema, "Hebu sema maji. Nyambu, sema maji," na Nyambu akakitazama kikombe, akakitazama tena, akaenda zake kupanga vizibo vya soda ukutani. Alivipanga kwa mstari ulionyooka kuliko mistari yangu ya shuleni. Ukisogeza kimoja, alilia kilio hata majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Na hakugeuka ukimwita. Hilo ndilo lililowatisha watu wazima. Unaweza kusimama nyuma yake ukaita "Nyambu! Nyambu!" hadi koo likauke, naye akawa kama mtu aliye ng'ambo ya mto mpana. Jina lake la ubatizo lilikuwa Samweli, lakini hata hilo hakulijibu. Wakati huohuo, treni ya mizigo ikiwa bado mbali kule Maungu, kabla sisi hatujasikia lolote, yeye aliinua kichwa na kutulia. Kisha dakika zikapita, nasi tukaisikia.

"Anasikia," Mama alisema. "Anasikia kuliko mimi na wewe."

Ndipo safari zilipoanza. Kwanza ilikuwa zahanati, ambako sista alicheka kwa upole na kusema wavulana huchelewa, asubiri tu. Mama akasubiri. Baadaye mwingine akasema ni homa ya malaria iliyompanda kichwani alipokuwa mchanga, akamwandikia dawa za kifafa, na Nyambu akawa analala mchana kutwa, mate yakimtoka, hadi Mama alipozimwaga chooni. Kisha wakatumwa Mombasa. Huko, Mama alisimulia, walimketisha kwenye kiti, mtu akapiga kengele nyuma ya kichwa chake, akapiga debe, akapiga makofi. Nyambu alikuwa anatazama feni inayozunguka juu. Hakugeuka. Wakaandika kwamba ni kiziwi na wakampa mashine.

Siku alipovikwa mara ya kwanza nyumbani, Mama aliwasha mashine, akasema taratibu, "Mwanangu, unanisikia?" Nyambu alipiga ukelele, akajibwaga chini, akazing'oa nyaya masikioni na kuzitafuna. Mama alimkumbatia pale chini kwenye saruji. "Pole," alisema, "pole, pole, wamekumwagia dunia yote mara moja." Lakini kesho yake alimvika tena, kwa kuwa daktari ni daktari.

Daktari mwingine wa hukohuko Mombasa alimwuliza swali ambalo Mama alilirudia kwa miaka. Alimwuliza kama alipokuwa mchanga alimbeba vya kutosha. Kama alimpenda. "Mimi!" Mama alikuwa akisema, akijipiga kifuani kwa mwiko. "Huyu mtoto, mgongo wangu ndio uliokuwa kitanda chake. Nimeuza kabichi naye mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagusa magoti yangu!" Aliongea kwa hasira, lakini niliona jinsi baada ya hapo alivyombeba Nyambu kila mahali, hata alipokuwa mzito, kana kwamba kuna mtu anamchungulia na kuandika.

Walipokuwa safarini mimi niliachwa kwa Bi Zuhura. Alikuwa mke wa mwenye duka la nyumba ya pili, watu wa asili ya Lamu, wenye mlango uliopakwa rangi ya kijani na harufu ya udi. Watoto wake walikuwa wakubwa, wameshaondoka. "Njoo ule, mwanangu," alikuwa akiniambia, "mamako ana mtihani mzito, Mola ampe subira." Alinipa wali wa nazi na samaki, akanilaza kwenye kitanda cha kamba chenye shuka safi. Hakunikosea lolote. Lakini jioni nilikuwa nikisimama kwenye ua wake na kutazama paa letu, bila moshi, na kuku wetu wakizunguka mlangoni wasijue waingie wapi, nikahisi kama mimi ndiye niliyepotea na hakuna aliyetangaza.

Jioni moja, kabla taa haijawashwa, nilikuwa nyuma ya pazia nikifanya hesabu. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Mombasa. Baba alikuwa anakunywa uji.

"Wamesemaje?" Baba aliuliza.

"Turudi tena mwezi ujao. Bado hawajapata jina lake."

Baba aliweka kikombe chini. "Hata wakilipata, litamfaa nini?"

"Nikijua jina, nitajua pa kushika," Mama alisema.

Penseli ilinidondoka. Kwangu mimi mambo yote yalieleweka mara moja. Shuleni kwetu kulikuwa na msichana aliyehamia kutoka bara, na mwalimu alimwita kwa jina lisilo lake muhula mzima. Msichana hakuitika. Alichapwa kwa jeuri, hadi babake alipokuja na kusema mtoto wangu haitwi hivyo. Basi ndivyo ilivyokuwa! Nyambu hakuwa Nyambu. Kulikuwa na kosa mahali fulani, siku ya kuzaliwa au siku ya ubatizo, na ndugu yangu alikuwa amekaa miaka yote akisubiri mtu mmoja tu amwite kwa jina lake halisi. Ndiyo maana hakugeuka. Nani hugeuka akiitwa mtu mwingine? Niliona ajabu kwamba madaktari wa Mombasa, na vyombo vyao vyote, walikuwa wanapata shida na jambo ambalo mtu anaweza kulifanya nyumbani.

Nikaanza kazi. Mchana nikitoka shule, nilikaa nyuma ya Nyambu kwenye kivuli cha choo cha mabati, yeye akipanga vizibo, na mimi nikimwita. Nilianza na majina ya ukoo: Mwakio, Mwadime, Righa, Maghanga. Nikaenda kwenye Biblia: Yona, Natani, Habakuki. Nikachukua ya wanaume waliokuja dukani kwa Bi Zuhura: Swaleh, Athumani, Shee. Nikachukua ya Wakamba waliouza mkaa: Mutua, Musyoka. Niliita kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, kisha kwa kunong'ona, nikihofia labda jina ni sahihi ila sauti ndiyo siyo. Baadhi ya siku nilihisi tuko karibu sana. Mabega yake yalitulia, nikasubiri ageuke. Kisha kizibo kingine, na kingine.

Majina ya watu yalipoisha nikaingia ya mahali. Taveta. Chawia. Bura. "Mwatate," nikasema, na Nyambu akageuka.

Aligeuka mzima mzima, akanitazama machoni, akatabasamu, halafu akarudi kwenye vizibo vyake. Sikuweza kumwambia mtu. Jambo kubwa kama hilo halisemwi njiani. Niliamua kumwambia Nyanya, kwa kuwa shule zilikuwa zinafungwa na tulikuwa tunapanda Werugha.

Mtu aliyezoea Voi akifika Werugha huhisi amevuka nchi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, ng'ombe wanasikika lakini hawaonekani, na moshi wa kuni mbichi ulikaa jikoni kama mtu wa familia. Nilimfuata Nyanya zizini alipokuwa anakamua.

"Nyanya, nimelipata jina la Nyambu."

"Ati?"

"Jina lake. Lile wanalolitafuta hospitali. Anaitwa Mwatate."

Nyanya aliacha kukamua. Kisha akacheka. Alicheka hadi akashika ubavu wa ng'ombe asianguke. "Mwatate! Uui, mjukuu wangu! Na akikataa hilo tumwite Wundanyi?" Nami nikaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka. Halafu nikaona ameziba uso na leso yake, na mabega bado yanatikisika, lakini kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Siku mbili tatu baadaye aliwaita wote uani. Kwetu kuna desturi ya zamani inayoitwa kutasa. Mtu mwenye hasira iliyomkaa moyoni huchukua funda la maji ya muwa, hulirusha nje kama mnyunyizo, na kuitamka ile hasira mbele ya watu ili imtoke, kisha huomba amani. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa, hata Mama pia, lakini alisema pale ambapo madaktari wamechoka, si dhambi watu wa nyumba moja kuoshana mioyo. Alianza yeye. Mjomba akafuata. Mama alinyunyiza na kusema hana hasira na mtu ila na wale wanaomwuliza maswali kisha wasingoje jibu.

Ikawa zamu ya Baba. Alichukua funda akalishika kinywani muda mrefu, mashavu yamevimba, macho chini. Nilidhani atalimeza. Mwisho akalirusha kwa nguvu hadi likafika kwenye ukuta wa jiko.

"Nina hasira," alisema. "Narudi kutoka kazini, huyu mtoto ananipita kama nguzo ya nyumba. Natengeneza mashine zinazotaka kunikata mikono, nazielewa. Yeye simwelewi. Naogopa kumpenda mtu asiyenijua."

Mama alikuwa anamtazama kama mtu aliyekutana naye siku hiyo. Nyambu alikuwa karibu na ghala, anazungusha kifuniko cha sufuria kwenye jiwe.

Nililala nikijua kwamba asubuhi Nyambu ataongea. Kulipokucha nilimkimbilia. Alikuwa amekwisha kuamka, na magunzi ya mahindi yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye ukungu.

Baada ya hapo Baba alianza kulala kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Mama aliniambia ni zamu. Sikumwuliza. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba kwetu kuna maswali yanayochosha watu, na nisingetaka kuwa mmoja wa wale wanaouliza kisha wasingoje jibu. Hata jina la Mwatate nililiacha, kwa maana nililiita mara nyingi baadaye na hakugeuka tena. Lakini kutafuta sikuacha.

Nyambu alipofika umri wa shule, alipata nafasi katika shule ya bweni ya viziwi, mbali na kwetu. Mama alimpeleka, akarudi peke yake. Jioni ile alipakua sahani tatu kwa mazoea, akaiona ya tatu, akaifunika na sahani nyingine na kuiweka juu ya kabati. Nilidhani sasa, kwa kuwa tumebaki wawili, atakuwa wangu. Lakini alikuwa anakaa mlangoni na mikono mitupu mapajani, na treni ilipokaribia alikuwa akigeuka kutazama pale ukutani kwenye vizibo. Nilimsemesha, akaitikia "eeh", na ile "eeh" haikuwa imesikia kitu.

Shule zilipofungwa mwalimu mkuu alimwita Mama ofisini. Alikuwa mama wa makamo aliyefundisha viziwi maisha yake yote. Mama alitusimulia maneno yake hivi:

"Mama Nyambu, sisi hapa uziwi tunaujua. Asubuhi tunawaamsha kwa ngoma kubwa, wanaihisi kwa miguu. Wenzake wanaamka. Yeye anaziba masikio na kujificha chini ya kitanda. Huyu mtoto si kiziwi. Watoto wamempenda, wanamshika mkono, lakini hapa si mahali pake. Mpeleke Nairobi, kuna daktari wa watoto wa namna hii. Usichoke sasa."

Mama alimjibu kwamba alichoka zamani, ila hajui kukaa.

Safari ya Nairobi nami nilichukuliwa, kwa sababu tu Bi Zuhura alikuwa amekwenda harusini Lamu na hapakuwa na wa kuniacha naye. Nilifurahi kupita kiasi. Nilivaa gauni langu la shule, ndilo lililokuwa zuri, na njia nzima nilikaa dirishani nikiwa tayari kuulizwa jambo lolote.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi zilizoanza mvi. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuvua viatu na kuketi sakafuni. Hakumwita Nyambu, hakupiga kengele. Aliweka gari dogo la mbao karibu naye, akashika jingine. Nyambu aligeuza gari juu chini na kuzungusha gurudumu mbele ya macho, na daktari akazungusha la kwake. Walikaa hivyo, na baada ya muda Nyambu alichukua mkono wa daktari kana kwamba ni koleo, akauweka juu ya gurudumu lililokwama. Daktari alilitengeneza, akamwangalia Mama, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia alichotarajia.

Alimwuliza Mama kila kitu, kuanzia mimba. Alitaka kujua yale maneno: maji, taa, yalikwenda lini, yalikwenda vipi. Tulirudi kesho yake, akauliza tena, na kila Mama alipojibu alingoja hadi mwisho. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimngoja Mama hivyo. Kisha akanigeukia.

"Na wewe dada mkubwa. Mkiwa wawili, mnacheza nini?"

"Namwita," nikasema.

"Unamwita tu?"

"Namwita majina."

Alidhani nina maana ya matusi, nikaona uso wake umebadilika kidogo, lakini sikujua namna ya kueleza, na yeye akaendelea na Mama. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kijiji anachotoka:

"Ninachokiona hapa kinaitwa otizimu."

Siku hizi tunasema usonji. Siku zile neno hilo sikuwa nimelisikia, wala Mama.

"Sema tena," Mama alisema. Daktari akasema tena. Mama alilijaribu mdomoni. "Ni mimi niliyemfanya?"

"Hapana. Hukumfanya wewe. Alizaliwa nayo. Yeyote aliyekuambia vingine alikosea."

"Itapona?"

"Hapana. Lakini atajifunza, kwa mwendo wake na kwa njia yake. Nitakuonyesha pa kuanzia."

Mama aliinama, akafunika uso na viganja, na mgongo wake wote ukalegea. Mimi sikumwangalia sana. Nilikuwa nimesikia nilichokuwa nikikisubiri. Lilikuwa jina geni, gumu, si la Kitaita wala la Biblia, na nikaelewa kwa nini sikulifikia peke yangu. Niliteremka kwenye kiti. Nilimzunguka Nyambu nikasimama nyuma yake, nikarekebisha sauti isiwe kali.

"Otizimu," nikaita.

Gurudumu lilizunguka.

"Otizimu!"

Nilimwita mara nyingine, nikipaza sauti, kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe imevunjika. Nililia kwa namna ambayo sikuwa nimelia tangu mambo hayo yaanze. "Hata hilo si lake!" nilimwambia Mama. "Na hilo pia si lake! Nimeita yote, Mama, nimemaliza yote, hakuna jina lake!"

Daktari ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka mkono mdomoni. Mama alinitazama muda, halafu nikaona miaka yote ile ikimpita usoni, kivuli cha choo, mnong'ono wangu wa kila mchana ambao labda aliusikia akidhani ni mchezo. Alinivuta akanikalisha mapajani, ingawa miguu yangu ilikuwa imeshafika sakafuni.

"Jina lake ni Nyambu," alisema. "Ni Nyambu tangu alipozaliwa. Analijua. Hilo lingine ni jina la vile alivyo, ili watu waache kumpa mengine. Umenielewa?"

Nilisema nimeelewa. Ilinichukua muda zaidi.

Mambo yalivyokuja kuwa baadaye yanasemeka kwa ufupi. Voi hakukuwa na shule ya kumpokea, wala mtu wa kutuelewa. Mama alimweka kando ya meza yake sokoni, na watu walipouliza alijibu kwa kichwa juu, "Ana otizimu," nao wakadhani ni dhehebu jipya. Yale aliyoonyeshwa Nairobi aliyafanya kila siku: picha za vikombe na viatu alizochora mwenyewe, vibaya sana, kwenye makaratasi ya maboksi. Baba alipoelezwa aliuliza jambo moja tu, "Basi ananijua?" Mama akamjibu kwamba daktari anasema anamjua, ila haonyeshi kwa macho. Jumamosi iliyofuata Baba alikuja kumchukua, akampeleka kiwandani kuona mashine ya kusugulia nyuzi za mkonge inavyozunguka. Wakarudi jioni wote wawili wananuka maji ya mkonge. Hakurudi kuishi nasi kama zamani, lakini Jumamosi hazikumpita tena hadi alipozeeka. Nyambu sasa ni mtu mzima mwenye ndevu. Anaishi nami. Ana maneno machache, anayatumia kwa uangalifu kuliko mimi, na bustani yangu hainyauki.

Lakini kuna sehemu ya mambo haya iliyo yangu peke yangu, na ilitokea tukirudi kutoka Nairobi. Basi lilisimama Mtito Andei ili abiria wapate kula. Tulikaa kwenye hoteli ndogo ya pembeni, Nyambu amelala kichwa mapajani kwa Mama, mimi nikiwa na chai na mandazi mbele yangu. Mama alikuwa anatazama tu, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajazoea mikono mitupu. Kisha macho yake yakashuka kwenye gauni langu, yakabaki hapo.

"Upindo huu nani aliuteremsha?"

Niliutazama. "Bi Zuhura."

"Lini?"

"Mlipokuwa Mombasa. Gauni lilikuwa limekuwa fupi, mwalimu akanisema. Halafu akauteremsha tena, ile safari nyingine."

Mama alinyoosha mkono akaushika. Kitambaa kilikuwa kimepauka, lakini pale upindo ulipokuwa zamani palikuwa na mistari ya bluu kali, ule wa kwanza, na chini yake wa pili. Alipitisha kidole kwenye mstari mmoja, akapitisha kwenye mwingine, polepole, kama anayesoma.

"Umekua," alisema.

Sikujua kama ni swali. Nje, dereva alikuwa ameshapanda na watu walikuwa wanafuta midomo na kuinuka. Mama hakuinuka.

"Niambie," alisema.

"Nikuambie nini?"

"Yote. Yote yaliyopita bila mimi kuwepo."

Nilishindwa pa kuanzia. Nikaanza na siku niliyotoka wa pili darasani, nikakimbia kutoka shuleni bila kupumzika, nikakuta mlango una kufuli. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nilitegemea ile "eeh" yake. Hakusema eeh. Alinitazama machoni na kungoja. Basi lilipiga honi, naye, bila kugeuza kichwa, akainua mkono wa kumwambia dereva asubiri, na mimi nikaendelea.